Aliyehitaji oda mlimpa makofi

Kila niliyemwambia namsaidia mbunifu wa nguo anayetumia kiti cha magurudumu alinipa ushauri uleule: mtafutie jukwaa. Haya, jukwaa likapatikana. Wanamitindo wakapita, watu wakasimama kupiga makofi, picha zikasambaa, waandaaji wakatushukuru kwa "kuhamasisha jamii". Nauli juu yetu, nguo juu yetu, na oda hatukupata hata ya kifungo. Tulipoalikwa tena, bure vilevile, nilikataa kabla mwalikaji hajamaliza salamu.

Mimi nimeuza nguo miaka mingi. Jedwali la saizi, picha safi na bei inayohesabu saa za mshonaji tuliviweka sawa, kisha nikampeleka mdogo wangu huyo kwa mnunuzi wa duka moja kubwa. Mnunuzi alitupokea kwa tabasamu pana. Kabla hata hajagusa suruali yetu, iliyoshonwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, akasema atatutengea kona kwa mwezi mmoja, "kuonyesha kwamba tunajali", na mzigo uje kwa mali kauli: ukiuzwa tulipwe, usipouzwa tuubebe wenyewe.

Nikamwambia, "Bosi, hebu kaa kwanza."

Akakaa, kanuna kidogo. "Papasa kiuno, nyuma." Mkono ukakuta suruali imeshuka na shati limechomoka. "Mbele je?" Kitambaa kimejikunja tumboni. "Na miguuni?" Pindo limepanda, soksi zote nje. Hapo nikaigeuza suruali yetu ndani nje, nikaitandaza mezani, nikanyamaza. Mdogo wangu akachukua usukani: kiuno cha nyuma kimepandishwa, cha mbele kimeshushwa, mguu umeongezwa urefu, na mifuko ya nyuma haipo, kwa sababu mshono mnene ukikaliwa kutwa nzima unaweza kumletea kidonda mtu asiyehisi vizuri sehemu hiyo. Mnunuzi akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia. Kisha akauliza kama madereva na watu wa ofisini nao wangeivaa. Habari ya kona ikafia hapo. Niseme ukweli, nilijisikia raha sana.

Nikaweka sharti: nusu ya pesa itangulie. Akasema wabunifu wachanga hawalipwi hivyo. Nikamjibu ndiyo maana hawakui! Kitambaa kinanunuliwa leo, mshonaji anadai wiki hii, duka linalipa baada ya miezi. Yaani asiye na mtaji ndiye anayelikopesha duka lenye matawi. Tukavutana, tukashuka kidogo, pesa ikatangulia.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa tayari kuikubali mali kauli, eti jina lionekane. Kilichomtuliza ni habari za Ann Lowe, mbunifu Mweusi wa Marekani aliyeshona gauni la harusi ya Jacqueline Bouvier na John F. Kennedy mwaka 1953. Siku kama 10 kabla ya harusi, bomba la maji lilipasuka kwenye karakana yake, likaharibu gauni la bibi harusi na ya wapambe. Akashona upya kwa gharama yake, akala hasara. Picha zikazunguka dunia. Jina lake halikutajwa kwenye habari nyingi. Kwa hiyo kwenye mkataba wetu tuliandika kwamba lebo yenye jina la mbunifu haitolewi wala haifunikwi na ya duka. Na paterni, yaani vielelezo vya kukatia nguo, hazitoki mikononi mwetu, hata waombe "kuangalia tu".

Na nyie wateja mnaosema mnamuunga mkono, mbona mnaanza na kuomba punguzo? Lipeni bei iliyoandikwa. Na mkiagiza suruali hizi, pimeni mkiwa mmekaa. Vipimo vya kusimama vinatupotezea kitambaa.

Duka hilohilo sasa linataka suruali zisiuzwe kwingine kokote. Nimewajibu hakuna shida, walete kwanza oda ya msimu mzima, na pesa itangulie kama kawaida. Bado wanajadiliana.