Dramu za Trela Zilikuwa Baridi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ni kama ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi, ila hii ni kali zaidi na hukaa kooni. Niliisikia kabla sijaona moshi. Mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, nadhani aliisikia mapema zaidi, maana alikuwa ameshakaa wima na kuangalia kioo cha upande wake.

"Uko gia ya ngapi?"

"Ya sita, mjomba."

Akanyamaza.

Leseni ya magari makubwa nilikuwa nimeipata karibuni, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha lori lenye trela iliyojaa. Kichwa, trela na mzigo vilikaribia tani 40. Kule juu barabara ilikuwa kavu, gari limetulia, nikaona gia ya sita inatosha. Hapo ndipo nilipokosea. Gia ya mteremko mrefu huchaguliwa kabla hujaanza kushuka. Mzigo ukishashika kasi, ukakanyaga klachi na gia ndogo ikagoma kuingia, unabaki nyutro na injini haizuii kitu tena.

Basi nikawa nalishikilia gari kwa breki, mguu umelala kwenye pedali bila kuachia, nikiamini kwamba kukanyaga kidogo kidogo ni kuzihurumia. Kumbe nilikuwa nazipika. Na breki za upepo hazikuonyi mguuni kama zile za mafuta. Pedali ilishuka vilevile kama asubuhi, laini vilevile, ila gari halikuitika. Mshale wa mwendo ulikuwa kwenye 50 na unapanda. Mshale wa upepo wa breki ulikuwa umeshuka kutoka 8 hadi 6.

"Bado zipo kidogo," mjomba alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kanyaga kwa nguvu mara moja, mwendo ushuke, uingize ya nne. Ukishaingiza, toa mguu."

Nikakanyaga. Gari lilitetemeka lote, trela ikatusukuma kwa nyuma mpaka nikaisikia mgongoni. Mwendo ulipofika 25 hivi nikaingiza ya nne. Injini ilinguruma, mjomba akanyoosha mkono akawasha breki ya ekzosi, ile inayobana moshi wa injini ili injini izuie gari, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushuka nikahisi kuna kitu kinatushika. Tulitambaa hivyo hadi chini, mguu wangu ukiwa mbali na pedali.

Tuliposimama mahali tambarare nilitaka kuvuta hendibreki. Akanizuia mkono. Dramu, zile ngoma za chuma za magurudumu ambazo viatu vya breki huzibana, zikiwa na moto namna ile hazikazwi. Tukaweka kabari kwenye magurudumu, kisha akaanza kulizunguka gari akipitisha mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Kwenye kichwa hakuweza kusogea, moshi ulikuwa bado unatoka. Akaenda kwenye trela, ekseli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale aliweka kiganja kizima juu ya dramu na kukiacha.

"Njoo ushike, mwanangu."

Zilikuwa baridi. Tani zote zile zilikuwa zimezuiwa na kichwa peke yake.

Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu vya breki nyuma, huku lainingi, zile nyuso za viatu zinazosugua dramu, zikipoteza mshiko. Hayo niliyajua darasani. Nilijua pia kwamba mwendo ukizidi mara 2, joto la kulisimamisha gari huzidi mara 4. Nisichokijua ni jinsi trela isiyofunga breki inavyoonekana, kwa sababu haionekani. Kwenye yadi gari lilisimama vizuri tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Trela tuliikuta imeshapakiwa, tukaambiwa iko sawa, nami nikaamini. Lori lile lilikuwa na wenzo wa kufunga breki za trela pekee. Kwenda taratibu na kuuvuta mara moja kungetosha kunionyesha kwamba nyuma hakuna kinachovuta. Jambo hilo liliniuma kuliko lile la gia, na bado linaniuma.

Tulisubiri kichwa kipoe. Kisha nikakanyaga pedali na mjomba akalala chini ya trela akipima jinsi fimbo inayosukuma viatu vya breki inavyotoka kwenye chemba ya upepo. Ilitoka karibu sentimita 6, mpaka mwisho wake, na viatu havikuwa vimeibana dramu. Tukabadilishana: yeye akakanyaga, mimi nikalala kwenye vumbi nikaiona kwa macho yangu. Tukazikaza moja moja, magurudumu yote 6. Unageuza slaki, kile kirekebishi cha nafasi ya viatu, kwa spana mpaka viatu viguse dramu, halafu unarudisha nusu mzunguko. Mwisho fimbo ikawa inatoka nusu ya pale.

Kulikuwa na mteremko mwingine mbele. Kabla hatujaanza kushuka nilivuta ule wenzo wa trela, nikahisi gari zima linavutwa kwa nyuma. Nikaingiza ya nne, nikashuka nayo. Mwendo ukizidi nilikanyaga kwa uhakika, nikiupunguza kidogo na kuachia kabisa. Chini nikaegesha, nikashuka peke yangu, nikalizunguka gari na mgongo wa kiganja.

Nilipopanda mjomba alikuwa bado anatazama mbele.

"Zote?"

"Zote, mjomba. Joto moja."