Usiku wa Majivu, Leipzig

Mwezi Aprili 2010 nilikuwa mwanafunzi Leipzig, na usiku nilifanya kibarua kwenye kituo kikuu cha DHL, kampuni ya kusafirisha vifurushi, katika uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle. Wanafunzi wa kigeni tulikuwa wengi pale. Mabasi ya kazini yalijaa Wavietnamu, Wakameruni, Wapoland, na siku nyingine ungesikia hata Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na kijana wa Nakuru aliyekuwa zamu moja nami. Zilikuwa pesa za kodi ya chumba na bima ya afya, na hakuna aliyezionea haya.

Kazi yenyewe ilitaka mgongo na macho. Kuelekea saa sita usiku ndege zilianza kushuka moja nyuma ya nyingine, za njano zenye mkia wa maandishi mekundu, kutoka karibu kila mji mkubwa wa Ulaya na kutoka mbali zaidi. Makontena ya alumini yalivutwa hadi ndani ya jengo. Unafungua turubai la mlango, unashusha vifurushi kwenye mkanda kimoja kimoja, lebo ikitazama juu ili mashine isome msimbo wake ikipita. Mkanda unakimbia, unapinda, unapanda ghorofani, na kule mbele kila kifurushi kinasukumwa kwenye mlango wa mji wake. Alfajiri kabla hakujapambazuka ndege zote zilipaswa kuwa zimeshaondoka. Mzigo uliotoka Madrid jioni uwe mezani kwa mtu Warsaw asubuhi, na katikati ya hapo kuna saa chache tu, na sisi.

Ijumaa tarehe 16 Aprili, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalikuwa yamefika juu ya Ujerumani, na viwanja vya ndege vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Sisi tuliitwa kazini kama kawaida kwa sababu mizigo ya Ulaya ilikuwa inahamishiwa kwenye malori. Nilipoingia, kitu cha kwanza nilichosikia ni taa. Zile taa ndefu za darini zilikuwa na mlio wao siku zote, sema ulimezwa na mikanda. Usiku ule mikanda ilikuwa imesimama.

Tuliketi tukisubiri malori. Msimamizi wetu wa mstari alikuwa mwenyeji wa Saksonia, mtu wa makamo aliyekaribia kustaafu, aliyeanza kazi kijana kabisa kwenye posta ya Ujerumani Mashariki. Mimi na kijana wa Nakuru tulimwita Mzee, na alipojua maana yake akalipenda jina. Alikaa kwenye ukingo wa toroli la kontena, akamimina kahawa ya chupa, akatoa mkate wa soseji. Akasema amemwacha mkewe amelala, dirisha wazi, jambo ambalo halijatokea tangu kituo kifunguliwe mwaka 2008. Walikaa Schkeuditz, jirani kabisa na uwanja, na kelele za ndege za usiku zilikuwa ugomvi mkubwa wa mji ule.

Kijana wa Nakuru akaniambia kwa Kiswahili, akitazama ile mikanda, kwamba Wajerumani hawa walizaliwa na akili ya kupanga vitu, ndiyo maana wamejenga kampuni kama hii. Mzee akataka kujua tumesema nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Hatukuijenga. Tuliinunua."

Mengine nimeyasoma baadaye na ninayaunganisha hapa, lakini uti wa mgongo wa hadithi ni wake. Kampuni ilianzishwa San Francisco mwaka 1969 na Wamarekani watatu, Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn, na herufi tatu za jina ni za majina yao. Hawakuwa na ndege hata moja. Walipanda ndege za abiria kwenda Honolulu wakiwa na mabegi yaliyojaa karatasi, yaani hati za mizigo iliyokuwa bado baharini, wakazifikisha kabla ya meli. Forodha ya Honolulu ikaanza kuushughulikia mzigo ambao haujatia nanga. Meli ikifika, karatasi zimekwisha pita, mzigo unatoka.

Hapo nilimkatiza. Baba yangu alikuwa wakala wa forodha Dar es Salaam, na utoto wangu wote nilisikia habari ya hati ya shehena, ile ambayo watu wa bandarini huiita BL. Mteja ana kontena la vipuri, meli imeshashusha, lakini hati halisi iko benki ya nje au kwa muuzaji, na bila karatasi ile hakuna wa kukupa mzigo. Kila siku mzigo unapolala bandarini, gharama zinapanda. Nakumbuka mama akituzuia kupiga kelele mchana kwa sababu baba yuko kwenye simu anaulizia bahasha. Bahasha ikifika, nyumba nzima inapumua. Nilimweleza Mzee haya yote kwa Kijerumani changu cha wakati ule, nikionyesha kwa mikono pale maneno yalipokwama, na aliacha kula. Alisema amefanya kazi ya posta tangu ujana na hakuwahi kukutana na mtu wa upande ule wa bahasha.

Basi akaendelea. Kampuni ilikua haraka, ikaingia Asia na Ulaya katika miaka ya sabini, kisha Mashariki ya Kati na Afrika. Hillblom alihamia Saipan, kule visiwa vya Pasifiki, na mwaka 1995 ndege yake ndogo ikapotea baharini. Mwili wake haukuonekana. Ikafuata kesi ndefu ya urithi iliyomalizika kwa watoto wanne, wa akina mama wa visiwani na wa Asia, kuthibitishwa kwa vipimo vya vinasaba (DNA) kuwa ni wake. Kwa sehemu hii Mzee alishusha sauti kana kwamba wahusika wako chumba cha pili. Mimi sehemu hii hainivutii kama ile ya karatasi za Honolulu.

Wakati Hillblom anapotea, umiliki ulikuwa umeshaanza kuhama. Mwaka 1990 Lufthansa, Shirika la Ndege la Japani na kampuni ya biashara ya Nissho Iwai waliingia ubia. Na Ujerumani kwenyewe mambo yalikuwa yanageuka. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na nchi mbili kuungana mwaka 1990, posta aliyoifanyia kazi Mzee ilimezwa na posta ya Magharibi. Mwaka 1995 posta hiyo ya serikali ikageuzwa kampuni ya hisa, Deutsche Post AG. Bosi wake, Klaus Zumwinkel, alikuwa na mpango mkubwa kuliko barua. Mwaka 1998 akanunua sehemu ya DHL. Mwaka uliofuata akaichukua Danzas, kampuni kongwe ya uchukuzi ya Basel. Mwaka 2001 akawa na sehemu kubwa ya DHL, na kufikia mwisho wa 2002 akawa nayo yote. Mwaka 2003 jina DHL likawekwa juu ya biashara zote za vifurushi na uchukuzi, na rangi zikawa njano na nyekundu. Njano ile ni ya posta ya Ujerumani. Kabla ya hapo magari ya DHL yalikuwa meupe.

Nilimuuliza pesa zilitoka wapi. Hapa Mzee hakuwa na aibu kuisema posta yake. Barua ilikuwa ukiritimba, kila stempu nchini ilipita mkono mmoja, na washindani walilalamika kwamba faida ya barua inalisha vita vya vifurushi. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya iliitoza Deutsche Post faini ya euro milioni 24 kwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni kwenye vifurushi. Nadhani ni haki kukumbuka hili kila tunapovutiwa na ndege zile za njano. Ajuza aliyetuma kadi ya Krismasi kwa mwanawe naye alichangia.

Mwaka 2000, Deutsche Post ilipoingia soko la hisa, Mzee alinunua hisa chache kwa bei ya kuanzia, euro 21 kila moja. Usiku ule bei ilikuwa chini ya hapo. Serikali, kupitia benki yake ya KfW, ilikuwa bado na karibu theluthi ya hisa zote. "Kwa hiyo mwenye kampuni ni serikali," akasema, "na mifuko ya fedha ya nje, na mimi." Alisema kwa fahari, sikuona mzaha usoni pake. Zumwinkel mwenyewe alijiuzulu Februari 2008 kwa kesi ya kukwepa kodi, miezi michache kabla ya kituo cha Leipzig kufunguliwa. Mzee hakumsamehe. Alikuwa ameona mamia ya watu wa Mashariki wakipata kazi kwa sababu Brussels, kulikokuwa na kituo cha zamani, ilikataa kuongeza ndege za usiku na kampuni ikahamia hapa, na aliona aibu kwamba aliyelileta jambo hilo hakutaka kulipa kodi kama mfagiaji wa jengo.

Kijana wa Nakuru alikuwa kimya muda mrefu. Dada yake alikuwa kwenye vibanda vya maua Naivasha. Alikuwa amempigia simu jioni: ndege za mizigo za kwenda Ulaya haziruki, waridi zilizokatwa zinatupwa, na wao wameambiwa wabaki nyumbani hadi waitwe, bila malipo. Wingu la Iceland, na mtu wa Naivasha hana chakula cha wiki. Mzee alimuuliza wamebaki wangapi nyumbani kwa dada huyo, kisha akamkatia nusu ya mkate wake. Nakumbuka hilo kuliko tarehe zote nilizozitaja.

Malori yalianza kufika saa saba. Tulifungua la kwanza, la kutoka kaskazini, na mikanda ikawashwa nusu. Katikati ya masanduku ya vipuri na dawa ilikuja bahasha nyembamba ya kadibodi, mfuko wa plastiki mbele wenye karatasi ya safari ndani. Ilikuwa inaelekea kwa kampuni ya uwakala wa meli, Mombasa. Kwenye mstari wa yaliyomo paliandikwa kwamba ni hati za meli. Nilimwita Mzee. Aliisoma akiwa amevua miwani, akaigeuza, akanirudishia mwenyewe badala ya kuitupa mkandani, akanielekeza lori la kwenda kusini, kutafuta uwanja uliokuwa bado wazi. Nikaiweka juu kabisa ya rundo, lebo juu.

Baadaye nilihitimu na tukaendelea kuandikiana. Julai 2023 kampuni ilibadilisha tena jina la kundi zima: likawa DHL Group, jina la aliyenunuliwa likakaa juu ya jina la mnunuzi. Nilimtumia habari ile. Alijibu kwamba hisa zake bado anazo na bei imepita euro 40, kwamba masanduku ya barua mtaani kwao bado yameandikwa Deutsche Post, na akauliza kama baba bado anangoja bahasha. Nilimwambia baba amestaafu, mdogo wangu ndiye aliyeshika ofisi. Mengi sasa yanamalizwa kwa mtandao. Lakini benki zinazodhamini mizigo bado nyingi zinadai hati halisi, yenye sahihi ya wino, na hizo zinakuja kwa ndege kama zilivyokwenda Honolulu.