Bia ya Mtaa wa Massachusetts

Tangu nihamie Lawrence, Kansas, kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, ndugu zangu wa Moshi huniuliza kila tunapopigiana simu ni kitu gani kinachomfanya mtu aupende mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Jioni hii, baada ya kula chakula katika Free State Brewing Company, mgahawa wa Mtaa wa Massachusetts unaopika bia yake wenyewe, nadhani ninalo jibu ambalo halihusu masomo.

Historia ya mahali hapo ilinivuta kabla ya bia yenyewe. Wapiga kura wa Kansas waliiingiza marufuku ya pombe katika katiba ya jimbo lao mwaka 1880, karibu miaka 40 kabla ya Marekani nzima kufanya hivyo, nao hawakuiondoa hadi mwaka 1948, wakati nchi ilikuwa imekwisha kuachana nayo tangu 1933. Hata hapo baa za kawaida ziliendelea kukatazwa hadi kura ya 1986. Mwaka uliofuata bunge la jimbo liliruhusu viwanda vidogo vinavyouza bia pale pale inapotengenezwa, na mwaka 1989 Chuck Magerl, mmoja wa waliolipigania badiliko hilo, akafungua chake ndani ya kituo cha zamani cha treni za umeme. Kilikuwa kiwanda cha kwanza cha halali katika jimbo hilo baada ya zaidi ya karne moja. Jina lake, Free State, yaani “jimbo huru”, ni la kisiasa: linawakumbuka walowezi waliokataa Kansas iwe jimbo la utumwa, ambao waliuanzisha mji huu mwaka 1854 na kuuona ukichomwa na kundi la Quantrill, lililopigania upande wa utumwa, mwaka 1863.

Bia kama Ad Astra Ale, iliyochukua jina lake katika kaulimbiu ya jimbo, huonjwa hatua chache tu kutoka mahali ilipopikwa, na mpishi wake anaweza kupita kando ya meza ya mnywaji. Mimi niliyekulia Kilimanjaro siuoni mpango huo kuwa mgeni, kwa sababu mbege ya ndizi na ulezi nayo hunywewa karibu na chungu chake, na mama aliyeipika husikia papo hapo kama imekuwa chachu mno. Kiwanda kikubwa hakiwezi kujiruhusu hilo; bia yake sharti iwe na ladha ile ile katika kila mji, mwaka baada ya mwaka. Mpishi wa tangi dogo anaweza kubadilisha kimea, kuongeza shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, au kujaribu aina nyingine ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, na akikosea hasara yake ni tangi moja. (Siku hizi wapishi wengi wa Marekani huzidisha hopsi hadi bia ikawa chungu kama mwarobaini, na sijashawishika kwamba hayo ni maendeleo.)

Mji wa chuo unaufaa uhuru huo. Una vijana wapenda kujaribu, wahadhiri waliotoka kila pembe ya dunia, na siku za mpira wa kikapu hujaa wageni wenye njaa. Lakini kila Mei wahitimu huteremka kutoka Mount Oread, kilima kilipo chuo, na wengi hawarudi, kisha mitaa hupwaya hadi Agosti. Kwa hiyo kilabu kinachowategemea wanafunzi peke yao hakina maisha, na naamini hiyo ndiyo sababu hiki kinapika chakula kizuri na kupokea familia pamoja na watoto. Leo nilikaa kaunta kati ya fundi bomba mstaafu na mhadhiri wa jiolojia, nao walikuwa wakibishana juu ya maji ya Mto Kansas, mhadhiri akishindwa waziwazi. Katika korido za chuo watu hao wawili wasingekutana.

Sheria haimruhusu mtu kunywa kabla ya kutimiza miaka 21, lakini kula hakukatazwi. Mwanafunzi wangu mmoja, anayekuja hapo na wazazi wake tangu utotoni, anaweza kuzitaja bia zote za ubaoni na kukueleza tofauti zake, ingawa hajaonja hata moja.