Siku moja na gari la mizigo Louisville, mji uliozaliwa na maporomoko

Saa 11 alfajiri niko bohari hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, nakagua matairi na kupanga vifurushi kwa kufuata mitaa. Juu yetu ndege za UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, zinaruka moja baada ya nyingine. Mizigo yake imechambuliwa usiku kucha pale Worldport, kituo chao kikubwa cha kuchambulia mizigo, kazi ambayo Wakongomani wengi wa hapa wameipitia. Leo nimepewa kijana wa kumfundisha njia, mgeni aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Anauliza: "Kaka, mbona huku kila mtu kazi yake ni mizigo?" Namwambia apande, jibu liko mtoni.

Saa 1 asubuhi tuko Portland, magharibi mwa mji. Ohio ni mto mrefu, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Pittsburgh hadi unapoingia Mississippi, na kikwazo chake kikubwa kilikuwa hapa: miamba ya chokaa inayoushusha mto karibu mita 8 ndani ya kilometa 3 hivi. Si maporomoko ya kuanguka kutoka juu kama Kalambo, ni mawe na maji ya kasi. Maji yakijaa, nahodha jasiri alipita. Yakipungua, shehena yote ilishushwa upande wa juu, ikabebwa nchi kavu, ikapakiwa upya huku chini, Portland. Wasafiri waliokwama walihitaji chakula na pa kulala, wenye mali walihitaji ghala na makuli. Mji ukapata riziki hapo, na mpaka leo unakula kwa kupokea mzigo na kuusukuma mbele.

George Rogers Clark, kamanda wa Wamarekani katika vita vya uhuru, alifika 1778 na askari wake pamoja na familia chache, wakapiga kambi Corn Island, kisiwa ambacho mto umeshakimeza. Mwaka 1780 mji ukapewa jina la mfalme Louis wa 16, shukrani kwa Wafaransa waliosaidia vita hivyo dhidi ya Waingereza. Mfereji wa kukwepa miamba ulifunguliwa 1830, na matishari bado yanapita kwenye milango ya maji ya McAlpine. Mafuriko ya Januari 1937 yalizamisha zaidi ya nusu ya mji, ndiyo maana ukuta mrefu unatenganisha mitaa hii na mto.

Saa 4 tunasambaza katikati ya mji. Kwenye Second Street namwonyesha kibao kuhusu mabanda walimofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa melini kwenda Natchez na New Orleans. Mzigo mwingine wa mji huu ulikuwa watu. Hapo kijana ananyamaza.

Saa 6 mchana tunakula Belvedere, uwanja wa wazi kando ya mto, karibu na sanamu ya York iliyochongwa na Ed Hamilton na kuwekwa 2003. Huyu ndiye mtu ninayetaka kila mgeni amjue kwanza. Alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake George. Oktoba 1803 waliondoka hapa pamoja na Meriwether Lewis, kiongozi mwenza wa msafara wa kuchunguza magharibi, wakavuka bara hadi bahari ya Pasifiki, wakarudi 1806. York aliwinda, alibeba, aliuguza wagonjwa. Wenzake wa msafara walilipwa mshahara maradufu na kupewa ardhi, yeye hakupata hata senti. Mkewe alikuwa huku Louisville, mali ya bwana mwingine. York akaomba aachwe akae karibu naye. Clark akakataa, na katika barua kwa kaka yake Jonathan anaeleza mwenyewe jinsi alivyompiga kwa sababu ya ombi hilo. Mtu amevuka bara zima, ananyimwa kukaa na mkewe! Mimi nalisimulia hili kwa uchungu kila mara.

Saa 9 tunavuka daraja kwenda Jeffersonville, Indiana. Dakika chache tu, lakini zamani ng'ambo hii ilikuwa ardhi isiyo na utumwa. Mwaka 1831 Thornton Blackburn na mkewe Lucie walitoroka Louisville, wakapanda meli ya mvuke mchana kweupe. Walikamatwa Detroit 1833, watu weusi wa mji ule wakawaokoa, wakaingia Kanada. Huko Toronto, Thornton alianzisha teksi ya kwanza ya mji, gari la farasi lenye rangi nyekundu na njano. Dereva mwenzetu huyo.

Saa 11 jioni, mzigo wa mwisho uko Muhammad Ali Boulevard. Hapa kijana ananitangulia: babu yake amemsimulia pambano la ngumi la Kinshasa la 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman. Hakujua tu kwamba Ali alizaliwa hapa 1942. Namweleza kwamba barabara hii iliitwa Walnut Street, na upande wake huu ulijaa maduka, ofisi na kumbi za muziki za watu weusi, kabla serikali haijabomoa karibu yote kwa jina la kuendeleza mji. Bingwa kupewa barabara ni heshima, ila maduka yale hayakurudishwa.

Saa 12 na nusu tunakabidhi funguo. Kesho usukani ni wake, na njia ya kwanza ni Portland.