Hewa ya Kuhesabu

Jumapili, usiku

Nimetoka stoo kupima mitungi. Wa kwanza una baa 40 za shinikizo, wa pili 52, wa tatu umejaa, 200. Hiyo ndiyo hewa yangu yote ya kuzamia, na kompresa, mashine ya kushindilia hewa, imelala wiki ya pili sasa kwa sababu kichujio kimekwisha nguvu. Kipya nimekiagiza Dar. Hapa Mwanza huwezi kutoka na mtungi mtupu asubuhi ukarudi nao umejaa jioni kama unavyokwenda sheli kuweka mafuta. Ukishaivuta hewa yako, ndiyo basi.

Wengi wakiniona na mtungi begani huuliza kama ni oksijeni. Siyo. Ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka baa 200 unabeba lita 2,400 za hewa, uzito wake karibu kilo tatu. Juzi fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mwema sana, aliniambia, "Kaka, lete hapa nikujazie, mitungi ya oksijeni si ninayo?" Nikaketi naye kwenye benchi nikamweleza. Oksijeni tupu, ukishuka nayo kupita mita sita inaweza kukutia degedege humo humo majini. Tena ikikutana na grisi ikiwa imeshindiliwa vile, inawaka. Akaitazama mikono yake, myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. "Basi kaka, tusubiri hicho kichujio."

Kompresa ya mtu wa pancha nayo haifai. Inaishia baa nane, kumi hivi, na hewa yake inatoka na mvuke wa oili.

Kazi yangu kubwa siku hizi ni vizimba vya samaki: kukagua nyavu, kamba na nanga. Alhamisi mzee mmoja wa upande wa Kayenze alinipigia alfajiri. "Kijana wangu, wavu umechanika chini, sato wanaondoka." Nikamwamkia, nikamwambia nakuja ila hewa niliyonayo ni ya kuhesabu. Nilichukua mtungi uliokuwa na baa 110, na ule uliojaa nikaupakia pia. Tulipofika kizimbani akauliza, "Mbona uliojaa unauacha?" Nikamjibu kwamba huo ni wa mwenzangu anayeshika kamba, ashuke nao kama nitanasa kwenye wavu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Baa 50 za mwisho siziingizi kwenye kazi, ni za kurudia. Zinabaki 60, mara lita 12, lita 720. Nikifanya kazi ya mikono huvuta kama lita 25 kwa dakika, lakini hiyo ni juu ya maji. Kwenye kina cha mita nane kila pumzi inakula kama mara 1.8. Dakika 16, basi. Niliziandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja.

Chini huko maji ni ya kijani, mkono ukiunyoosha vidole huvioni vizuri. Nilipapasa wavu mpaka tundu likanijia lenyewe, refu kama dhiraa moja. Nikaanza kushona. Ukiwa na hewa haba unajifunza kutulia kuliko siku yoyote: unavuta taratibu, unatoa taratibu, hupigi miguu bure, fundo moja halafu jicho kwenye geji. Sato wadogo walikuwa wananigonga kwenye barakoa. Geji iliposoma 55 fundo la mwisho lilikuwa limeshika.

Mwaka fulani sikuwa na subira hii. Nilijaziwa mtungi mahali ambapo bomba la kuvutia hewa lilikuwa limewekwa karibu na ekzosi ya injini ile ile inayoendesha kompresa. Niliunusa kabla ya kushuka, sikusikia kitu. Kaboni monoksaidi, ile sumu ya moshi wa injini, haina harufu, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kukuingia. Nilipanda kichwa kikigonga kama ngoma, nikatapika nimeshikilia ubavu wa mtumbwi. Tangu hapo bomba letu nimelifunga kwenye mlingoti mrefu, mbali na moshi, na tunajaza alasiri, wakati upepo unatoka ziwani.

Hewa iliyochujwa vizuri haina harufu ya Mwanza hata kidogo. Hakuna dagaa, hakuna moshi wa mkaa, ni kavu mpaka koo linakwaruza. Nimeikumbuka sana wiki hizi mbili.

Kuna jambo sikumwambia mzee, na ndilo linaloniweka macho usiku huu. Hili ni ziwa la vivuko. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na kila nikipita Igoma palipo na makaburi ya pamoja nafikiria wale waliokuwa wamebaki ndani wakiishi kwa hewa iliyonaswa tumboni mwa meli. Waokoaji walipoitoboa ili wawatoe, hewa ile ikatoka, na meli ikazama. Septemba 2018 kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere kule kisiwa cha Ukara, wazamiaji walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai baada ya siku mbili. Siku mbili! Alikuwa amepata hewa kidogo karibu na mitambo. Kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kufikiwa, na aliyemfikia alikuwa na hewa mgongoni.

Mimi si mwanajeshi wala si wa uokoaji. Ni mtu wa vizimba. Lakini kompresa zenye kuaminika katika mwambao huu ni chache mno, na ajali ikitokea usiku, mtungi uliojaa utatakiwa kabla mtu hajaanza kutafuta kichujio.

Kwa hiyo ule wa baa 200 sitaugusa, hata mzee wa Kayenze akipiga tena. Nimekaza valvu, nimeufunika kwa kanga kuukuu ya mama, nimeulaza nyuma ya mlango ambapo naweza kuushika hata gizani.