Jino la kupandikiza kwa hela ya parachichi

Watu wa hapa Tukuyu waliojua pengo langu wakiliona gego jipya la chini kushoto huniuliza mambo mawili tu: liliuma? Na shilingi ngapi? La kwanza nalimaliza haraka: kung'oa kuliniuma zaidi. La pili linataka kukaa chini, maana mimi ni mkulima wa parachichi, hela ya maana naiona kwenye msimu, na miaka yote nilihesabu kwamba jino la kupandikiza ni la watu wenye mishahara.

Mdomoni hali ilikuwa hivi. Chini kushoto sikuwa na magego mawili ya mwisho, yaling'olewa zamani kwa sababu ya kuoza. Juu kulia palikosekana jino moja. Nilikuwa na meno ya bandia ya kuvua, yale ya plastiki ya rangi ya fizi yenye vishikizo vya waya. La juu lilinikaa vizuri, na bado ninalo. Ya chini yalinitesa. Nyuma hayakuwa na jino la kushikilia, kwa hiyo nikitafuna yalinyanyuka, chembe za chakula zikaingia chini yake, fizi ikachubuka. Mwishowe nikawa nayaacha kwenye kikombe na kutafunia upande mmoja. Makande nilikuwa nayameza kuliko kuyatafuna. Mama Lusajo ndiye aliyeniambia kwamba nikisimama kuongea kwenye kikao cha ushirika mkono unapanda wenyewe kufunika mdomo.

Nikaenda kliniki moja ya Mbeya mjini. Nilidhani nitatoka na bei, nikatoka na somo la taya.

Daktari alinieleza kwamba mfupa wa taya unaishi kwa kazi. Jino likiondoka, mfupa uliolishikilia unaanza kusinyaa, zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole miaka inayofuata. Huku jino la upande wa pili, likikosa mwenzake wa kukutana naye, linaweza kushuka taratibu kulifuata pengo, na ya jirani yakainamia pale palipo wazi. Ndiyo maana kabla ya kuzungumza hela alitaka picha: kwanza eksrei ya taya yote, halafu ile ya pande tatu inayoonyesha unene na kina cha mfupa. Chini kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya na kuleta hisia za mdomo na kidevu. Skrubu, ile inayoingizwa kwenye mfupa iwe mzizi wa jino jipya, lazima iishie mbali nao, la sivyo mdomo unaweza kubaki na ganzi ya muda mrefu. Juu, magego yanakaribiana na uwazi wa hewa ulio kando ya pua, na mfupa wa pale ukipungua skrubu inakosa mahali pa kushika.

Alinionyesha kwenye kompyuta. Chini mfupa ulitosha. Juu kulia ulibaki mwembamba sana. Ningetaka kupandikiza pale, ingebidi kwanza anyanyue ule utando wa ndani na kuongeza unga wa mfupa, kisha tusubiri miezi ushike. Nikamuuliza, sasa wewe unashauri nini?

"Baba, lile la juu linakukaa vizuri, liache. Hapa chini nitakuwekea gego moja, la mbele katika yale mawili. La mwisho kabisa mtu anaweza kuishi bila hilo."

Hapo ndipo nilipomwamini. Nilikwenda nikiwa na hofu ya kuuziwa mdomo mzima, yeye akanipunguzia kazi. Daraja nalo aliligusia, lile la meno yanayounganishwa kwa kusaga mawili ya pembeni, lakini kwangu nyuma hapakuwa na jino la kubeba upande wa pili, na sikuwa na hamu ya kusagiwa jino zima.

Sasa hela. Bei ya jino moja haikuwa ya laki, ilikuwa ya milioni na zaidi, na kadi yangu ya bima haikugusa hata shilingi ya kazi hiyo. Ningepewa jumla peke yake ningeaga na kupanda gari la Tukuyu. Nilichofanya ni kumwomba aniandikie kwenye karatasi kila hatua na bei yake: picha, upasuaji pamoja na skrubu, kiungo kinachokaa juu ya skrubu, kofia yenyewe, yaani jino lile linaloonekana, na kurudi kuangaliwa. Karatasi ile ndiyo iliyonifungua macho. Skrubu ikishawekwa, mfupa wa taya ya chini unahitaji kama miezi 3 kuishika, wa juu mara nyingi 4 hadi 6. Kwa hiyo hata ungekuwa na hela yote mfukoni, kwa kawaida kofia hupewi siku hiyo. Kusubiri kumo ndani ya matibabu, na kwa mtu wa msimu kusubiri huko ni nafasi ya kupumua.

Tukapanga hivi: picha na upasuaji vilipwe kwa mavuno ya mwanzo, kofia ilipwe kwa yale ya mwisho. Wanunuzi wetu wana tabia ya kuchukua mzigo leo na kulipa wakijisikia, kwa hiyo niliuliza mapema: hela ikichelewa, skrubu itaharibika? Akasema hapana, itakaa salama chini ya kifuniko chake, mradi nisikae miaka, maana jino la juu litaanza kushuka na nafasi ya kofia itapungua. Niliomba hilo pia liandikwe. Mtu wa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, ukishazoea mikataba ya mbolea huachi kitu cha mdomo.

Kabla ya kushika kisu walinihoji kuliko benki. Sukari? Presha? Sigara? Dawa za kuimarisha mifupa? Sukari isiyodhibitiwa na uvutaji sigara ni maadui wakubwa wa kazi hii, kidonda kinachelewa kupona na mfupa unaweza kukataa kushika. Presha ninayo. Akaniambia nimeze dawa zangu asubuhi kama kawaida na nile, nisiende na njaa kwa kuogopa. Sukari nilipima, ikawa sawa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha, jambo ambalo kwetu Rungwe halistahili hata kuandikwa. Ganzi ilichomwa, nikasubiri mpaka nusu ya mdomo ikawa si yangu. Fizi ikapasuliwa kidogo, halafu ikaanza kekee. Nilitegemea kelele za mashine ya kuziba meno, ile ya kulia juu. Hii inakwenda taratibu, na maji ya chumvi yanamwagika muda wote, kwa sababu mfupa ukipata moto seli zake hufa na skrubu haitashikwa na mfupa mfu. Alianza na kijiti chembamba, akabadilisha kinene kidogo, tena kinene zaidi. Maumivu hapana, ila mtikisiko unausikia kwenye taya, kwenye sikio, hadi kwenye mto wa kichwa. Mwishoni aliingiza skrubu kwa mkono, kwa ufunguo mdogo unaopima nguvu, akikaza robo kwa robo. Nesi akasoma namba, daktari akaitikia kwa kichwa. Wakashona.

Wakati ganzi inaingia daktari alinipigia hadithi ya chanzo cha haya yote. Mwaka 1952 huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, kwa kifaa cha metali ya titani alichokipachika humo. Alipotaka kukitoa akitumie tena, hakikutoka, mfupa ulikuwa umekishika kabisa. Binadamu wa kwanza kuwekewa meno kwa njia hiyo aliwekewa mwaka 1965. Yaani jambo tunaloliita la kisasa lina umri wa babu.

Uvimbe ulikuja kesho yake na ukazidi siku iliyofuata, kama daktari alivyonitahadharisha, kisha ukashuka. Dawa za maumivu nilizimeza, barafu niliweka shavuni, nikasukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa upole. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, marufuku, na sikufyonza kitu kwa mrija. Nilikula uji, viazi vya kuponda na ndizi laini. Na parachichi, bila shaka. Zile zilizokataliwa na wanunuzi kwa udogo nilizimaliza mimi.

Miezi ya kusubiri haina la kusimulia. Kofia ndiyo yenye mambo. Walichukua alama ya meno yangu kwa ute unaogandia mdomoni, wakanisogeza dirishani kuchagua rangi kwenye mwanga wa mchana, maana chini ya taa kila jino ni jeupe. Nikataka nyeupe safi. Nesi akacheka: "Baba, litawaka peke yake." Tukachukua ya manjano manjano, inayofanana na wenzake wa miaka yangu. Kofia ya zirikonia, aina ya kauri ngumu, ilitengenezwa Dar na kuja Mbeya kwa basi, kama mizigo mingine yote. Ilifungwa kwa skrubu ndogo, tundu lake la juu likazibwa kwa dawa nyeupe.

Kuna jambo halikuwa kwenye karatasi. Jino la asili limeshikwa na nyuzi ndogo sana kati yake na mfupa, ndizo zinazokuambia umeng'ata kitu kigumu. Hili halina nyuzi, limeshikwa na mfupa moja kwa moja. Siku moja jiwe la kwenye maharage lilipita pale, nikasikia mlio kabla ya kusikia chochote kwenye jino. Ndiyo maana daktari alikagua sana ung'ataji, akiweka karatasi yenye wino katikati ya meno na kupunguza kila alama iliyozidi.

Halafu lisafishwe. Haliozi, kweli, lakini fizi na mfupa unaolizunguka vinaweza kuugua na kuliacha likicheza, na kibaya zaidi ugonjwa huo mara nyingi hauumi mwanzoni. Natumia mswaki laini, uzi, na kile kibrashi chembamba cha kupita kati ya meno. Wakati wa kuangaliwa ukifika, naenda.

Jambo moja nawasihi wanaojiandaa walidai: kadi yenye jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, kipenyo na urefu wake. Vipuri vya kampuni moja aghalabu haviingii kwenye skrubu ya nyingine. Kliniki ikihama au daktari akistaafu, utakayemwendea atajua aagize nini. Yangu naiweka pamoja na hati ya shamba.

Mdogo wangu wa Kyela amekuja kuliona, amelipapasa kwa kidole, sasa naye analitaka. Anavuta pakiti kwa siku. Nilimpeleka kwa daktari huyo huyo, akaambiwa aache sigara kwanza, jino baadaye. Amerudi Kyela akisema atatafuta daktari mwingine.