Simu nne, akaunti moja: nilivyojitoa

Msimu wa korosho ukifika Mtwara, sisi mafundi cherehani usiku hatulali. Hela za mnada zikiingia, kila mtu anataka nguo, na anaitaka kesho. Novemba iliyopita nilipanda bajaji kutoka Mikindani kupeleka magauni matano Magomeni. Niliteremka na mfuko wa magauni, simu ikabaki kwenye kiti.

Kilichoniuma si bei yake. Mle ndani mlikuwa na vipimo vya wateja wangu wote, na picha za akina mama waliojaribisha nguo chumbani kwangu wakijua nazipiga mimi na nitaziona mimi tu.

Nilikimbilia kwa kijana aliyeniuzia ile simu, ana kibanda karibu na stendi. "Shikamoo mama, tulia kwanza," akasema. Akatoa simu yake mfukoni, akafungua ramani, na pale pale akanionyesha simu yangu ipo barabarani inarudi Mikindani. Bahati nzuri bando nilikuwa nimeliwasha. Akabonyeza ilie. Huduma hiyo ya Google, ambayo tangu 2025 inaitwa Find Hub, huiliza simu kwa sauti ya juu kwa dakika tano hata kama umeinyamazisha. Dereva akasikia mlio nyuma, na tulipopiga akapokea. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nayo mkononi. Nilimpa ya mafuta na nikamwombea dua, na namwombea hadi leo.

Ila njiani kurudi nyumbani sikuwa na raha. Yule kijana hakuniuliza paswedi. Na juu ya ramani niliona orodha ya simu nne, yangu ikiwa ya tatu. Moja ilikuwa Nanyamba, nyingine Tandahimba.

Kesho yake nikarudi kumuuliza hizo nyingine ni za nani.

"Za wateja, mama. Mtu akinunua simu ya kupangusa hana akaunti ya Google, namwekea hii yangu ya dukani ili aanze kutumia."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonisumbua miezi mingi. Kwenye simu yangu kulikuwa na majina nisiyoyajua: "Fundi Bomba Naliendele", "Mama Zai Ufuta", "Babu Dawa". Nilidhani yalikuja na laini. Kumbe ni majina waliyohifadhi wenzangu watatu wa akaunti ile, na majina ya wateja wangu yamo kwenye simu zao. Yeyote kati yetu angejua pa kubonyeza, angeona nyumbani kwangu, siku ninayokwenda kliniki na saa ninayorudi. Na mwenye paswedi angeweza hata kuifuta simu yangu akiwa mbali.

Barazani kwetu watu wanaogopa kitu kingine. Wanasema simu za wapita njia zinakuchunguza. Mpwa wangu anayesoma kompyuta alikaa nami jioni nzima akanieleza. Ni kweli kwamba upo mtandao unaotumia simu za wapita njia kutafuta simu zilizopotea; Google ilianza kuusambaza Aprili 2024, na Apple walikuwa na wa kwao tangu 2019. Simu iliyopotea hutoa mawimbi ya Bluetooth, simu ya mpita njia ikiyanasa inapeleka habari ya mahali. Lakini habari hiyo hufungwa kiasi kwamba aliyeibeba hawezi kuisoma, wala Google wenyewe. Na usipogusa chochote, simu za Android huwekwa kwenye chaguo la maeneo yenye watu wengi: lazima simu kadhaa ziinase ndipo mahali paonekane. Hilo linamkinga aliye peke yake shambani.

Mimi naona wametengeneza kinga nzuri dhidi ya mtu baki. Lakini simu ikiwa hewani na bando lake, huo mtandao hauhitajiki kabisa. Aliyeingia kwenye akaunti anakuona. Hofu yetu tuliielekeza kwa wapita njia, na aliyekuwa na ufunguo ni muuza simu.

Kujitoa kulinichukua siku mbili. Fundi mmoja aliniambia nifomati tu, mpwa wangu akanizuia: simu ikifutwa kwa nguvu huku akaunti ya zamani imo, ikiwaka inadai akaunti ile ile, na paswedi sikuwa nayo. Kwa hiyo nilifungua kwanza akaunti yangu, paswedi nikaiandika kwenye daftari la vipimo, si kwenye boksi la simu. Nikahamisha majina ya wateja mmoja mmoja, kwa sababu sikutaka kuondoka na ya watu. Ndipo nikaingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, nikaiondoa ile ya dukani. Kabla ya hapo nilikagua picha: hazikuwa zimepakiwa popote. Nililia kidogo, nakiri.

Lokesheni sikuizima. Nimeona faida yake kwa macho yangu. Nilipitia tu programu zenye ruhusa ya kuitumia, nikakuta ya tochi imeruhusiwa wakati wote. Tochi inataka kujua niko wapi kwa ajili gani? Niliifuta.

Kijana sikumshtaki, ingawa nilimwambia kwamba tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na taarifa za watu alizozikusanya si mchezo. Alishtuka kweli. Aliniuliza, "Sasa hawa wengine nifungue ramani niwatafute?" Nikamwambia hapana mwanangu, usiwachungulie tena. Badili paswedi, simu zao zitadai mpya, watakuja wenyewe.

Wa Nanyamba alikuja baada ya siku tatu amekasirika kwamba simu imeharibika. Niliitwa, nikakaa naye kwenye benchi la kibanda tukafungua akaunti yake kwa jina lake. Mwingine alikuja baada ya wiki. Wa Tandahimba hajatokea, na namba aliyoacha dukani haipatikani.